Mshipa wa Wapi?

Wazazi wangu, shikamooni. Na ninyi wa rika langu mliojibanza nyuma ya mlango mkidhani sijawaona, hamjambo.

Nawaona mmekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamewafika kidevuni, kwa hiyo sitawaweka sana. Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha kusaidia wagonjwa aliniambia niuandike ushuhuda kwanza, kisha nije niusome, nisije nikasimama hapa nikaongeza chumvi. Mwenyekiti, usiwe na wasiwasi. Chumvi nyumbani kwetu siku hizi imepunguzwa na daktari mwenyewe.

Nimesimama mimi kwa sababu mama hawezi. Alijaribu kuwasimulia majirani kisimani, lakini kila akifika kwenye habari ya msuli wa Idi anacheka mpaka anatua ndoo chini, halafu kicheko kinageuka machozi, na hadithi haifiki mwisho. Baba naye amesema kazi yake ni kunadi ng'ombe, si kujinadi mwenyewe. Basi ikabaki mimi, binti wa kidato cha pili niliyeko likizo, ambaye ukoo mzima umekubaliana kwamba haya nilinyimwa. Baba ameniruhusu niseme yote. Majina ya watu sitayataja. Yule anayekohoa pale dirishani atulie, simsemi yeye. Bado.

Baba mnamjua kwa sauti. Siku ya mnada hapa Tinde, ukiwa nyumbani unapepeta mchele, unasikia bei ya ng'ombe kabla mwenye ng'ombe hajaisikia. Sauti ile ndiyo iliyotulea. Ndiyo iliyoninunulia sare hii na viatu hivi ambavyo vimenibana kidogo, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Sasa siku moja alikuwa ananadi fahali mmoja mwekundu, mkubwa, wa kutoka huko vijijini. Mimi nilikuwepo, nauza maandazi ya mama. Baba amesimama juu ya jiwe lake, fimbo mkono wa kulia, anakwenda vizuri. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Halafu akanyamaza.

Wazazi wangu, mnajua mnada. Dalali akinyamaza, watu hawafikirii ugonjwa. Wanafikiri amewaona ni wabahili. Basi mmoja akaongeza bei. Baba kimya. Mwingine akaongeza. Baba anawatazama tu, mdomo umefunguka kidogo upande mmoja. Fimbo ikamtoka mkononi ikaanguka, na watu wakaona kwamba amekasirika, wakaongeza tena. Fahali yule aliuzwa kwa bei ambayo hata yeye mwenyewe fahali alishangaa. Baadaye kidogo ulimi ukarudi, baba akasema mara ya tatu, shughuli ikaisha. Mwenye fahali akaja kumshika mkono akimsifu kwamba hajapata kuona dalali anayejua kunyamaza kama yule.

Nyumbani baba hakula. Alimwambia mama kwa sauti ya chini, nami nilikuwa naosha sinia karibu, nikasikia. "Mama watoto, mimi sikunyamaza. Neno nilikuwa nalijua. Nililitafuta mdomoni sikulikuta."

Haikuishia hapo. Siku nyingine alikuwa ananyoa ndevu uani, jua linawaka, akamwuliza mama nani ametundika nguo mbele ya kioo. Hapakuwa na nguo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshushiwa kitu kama pazia, kutoka juu kuja chini, halafu pazia likapanda tena, akaona. Mkono wa kulia nao ukawa unakufa ganzi, unafufuka, unakufa ganzi. Kila aliyekuja alikuwa na jibu lake. Huyu anasema upepo. Yule anasema mwenye fahali mwingine, ambaye fahali wake aliuzwa bei ya kutupa, ndiye aliyekwenda kumfunga baba ulimi. Mama akasema yeye hajui upepo wala fahali, anachojua ni zahanati, na baba akatoka kwenda zahanati.

Alikwenda peke yake. Hapo ndipo shida yetu kubwa ilipozaliwa, maana angekwenda na mama, mama angeuliza maswali. Mama huuliza maswali hata akiambiwa amina.

Mganga wa zahanati, Mungu amlipe mema, alimsikiliza vizuri. Siku hiyo foleni ilikuwa imetoka nje mpaka barabarani, lakini alimpima presha, akachukua kile kipimo cha masikioni, akasikiliza moyo, akasikiliza mpaka shingoni. Akamwambia, "Mzee, una mshipa. Nenda hospitali ya misheni kule upande wa Ushirombo, yupo daktari mwenye mashine ya kuupima. Usichelewe, unaweza kupooza." Kisha akaita mgonjwa mwingine.

Baba akarudi. Akakaa kwenye mkeka. Akamwambia mama, "Nina mshipa."

Sasa, wazazi wangu, ukoo wa baba ulikuja na biashara kutoka Tabora, na kabla ya Tabora ulitoka pwani. Katika nyumba yetu, mtu akisema ana mshipa, haulizwi uko wapi. Mahali pake panajulikana. Sitapataja, kuna watoto. Asiyejua awatazame wazee wa mstari wa mbele, jinsi walivyokaa vizuri ghafla.

Mama akauliza mshipa gani huo unaoshika ulimi. Baba akajibu kwamba umepanda. Mama akauliza, na jicho? Baba akasema umepanda sana. Na huyo mganga alijuaje bila kukuvua nguo? Baba akasema mganga ni fundi, alimsikiliza mpaka shingoni kuona umefika wapi.

Mnaona lilivyokaa sawasawa. Kila alichoambiwa kiliingia kwenye lile kosa kama mguu kwenye kiatu. Mimi mwenyewe, msomi wa kidato cha pili, niliyechorewa mwili wa mtu ubaoni na kupewa alama nzuri, niliamini kabisa. Nilichojiuliza tu ni kwamba ukipanda zaidi ya jicho utatokea wapi.

Kuhusu kwenda hospitali, baba alikataa. Ushirombo ni mbali, na njia nzima kuanzia hapa, Kahama, mpaka Masumbwe, kuna watu waliowahi kununua ng'ombe mbele yake. Watamwuliza anakwenda wapi. Atawaambia nini? Kwamba dalali anapeleka mshipa wake ukapimwe kwa mashine? Na mashine yenyewe inapimaje? Hilo ndilo lililomnyima raha kuliko kupooza.

Na kuta za zahanati ni nyembamba. Kabla ya Ijumaa mji wote ulikuwa unajua. Walikuja kumjulia hali watu ambao hatukuwahi kuwaona. Mmoja alileta magome ya kuchemsha. Mwingine alileta ushauri wa namna ya kukaa. Wote walikuwa wanamsalimia baba usoni, macho yanateremka. Alipokwenda mnadani, vijana wakamletea kiti. Kwa heshima kabisa. "Kaa, mzee, usisimame sana." Walimtakia mema, lakini dalali wa ng'ombe ananadi amesimama. Akikaa, anageuka mtazamaji. Baba alikiangalia kile kiti, akampa mtu mwingine fimbo yake, akarudi nyumbani, na mnada uliofuata hakwenda.

Hapo ndipo tulipoanguka. Nyumba yetu ikawa kimya. Tulikula kwa maandazi ya mama, tena siku ambazo sukari inapatikana duka la ushirika. Baba anakaa uani na sigara yake, akimaliza moja anawasha nyingine, na yale mambo yanazidi kumjia. Ulimi, mkono, jicho. Yanakuja yanaondoka, kama mgeni anayechungulia mlangoni kuona kama wenyewe wapo. Mama alisema siku moja huyo mgeni ataingia akae. Atakaa kwenye ulimi, na baba hatanadi tena wala kumwita mtu yeyote kwa jina lake.

Asubuhi moja baba aliniita nimletee maji. Akaniita kwa jina la mbuzi wetu. Kwetu utani ni zamu kwa zamu, nami nikajibu vile mbuzi anavyojibu. Nikangoja acheke, zamu yake. Hakucheka. Alijaribu tena jina langu, likatoka lile la mbuzi. Akajaribu tena. Kisha akanifanyia ishara kwa mkono wa kushoto kwamba niache tu, niende. Jina langu lilimrudia baadaye, akalisema mara nyingi mfululizo akiwa peke yake pale uani, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Mama aliyaona yote kutoka jikoni. Kesho yake akaugua.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuona ugonjwa ulioingia kwa kelele kama ule. Mama alishika kiuno, akashika tumbo, akashika mlango. Alilia mpaka majirani wakaja, na mbele ya majirani wote akamwambia baba, "Baba watoto, nipeleke Ushirombo. Nimesikia kuna daktari." Baba alimtazama. Mama akaguna tena, kwa nguvu zaidi, na jicho moja amelifungua. Baba akaelewa. Mtu anayempeleka mkewe hospitali haulizwi habari za mshipa wake. Akasema, "Basi jiandae." Nikachukuliwa mimi kwenda kupika huko na kubeba sufuria.

Tulipata lori lililokuwa linapeleka magunia matupu ya pamba. Dereva alivyomwona mama anavyoguna, akampa kiti cha mbele. Basi mgonjwa mwenyewe akapanda juu ya magunia pamoja na mimi, na msindikizaji akakaa mbele na dereva. Masumbwe tuliposimama kununua viazi, akina mama wauzaji wakamtambua baba. Wanauliza, dalali, kwema huko uendako? Baba anasema nampeleka mama watoto. Na mama kule mbele, bila kukosea, anaguna. Wakampa pole na viazi vya nyongeza. Mama alikula vingi kwa mgonjwa.

Sasa nakaribia kwenye msuli, na mama ameshaanza kuinama. Mama, vumilia.

Wakati ule sabuni ilikuwa haionekani. Mama alikuwa na kipande kimoja cha sabuni ya kuogea alichokificha ndani ya unga, akisubiri sikukuu. Asubuhi ya kuonana na daktari, baba alikiomba. Akaingia bafuni pale hospitali akakaa humo mpaka watu wakagonga. Akatoka amevaa msuli wake mpya wa Idi na shati limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, uso kama wa mtu anayekwenda kuozesha. Kipande cha sabuni kilikuwa kimebaki ukubwa wa kucha.

Ndani alikuwepo daktari, kijana bado, mzaliwa wa huku huku Usukumani, na muuguzi mmoja mama mtu mzima. Juu ya meza palikuwa na kasha dogo kama redio, lina waya, na mwisho wa waya kijiti mfano wa kalamu nene. Baba alikitazama kile kijiti. Akanitazama mimi. Akasema, "Mwanangu, toka nje." Muuguzi akasema niachwe, maana mama yuko kwenye benchi la nje "anaumwa" na mtu wa nyumbani lazima asikie maelekezo. Baba akafumba macho. Nikamwona anasoma dua midomoni. Kisha akapanda kitandani, akalala chali, na kwa heshima zote akaanza kulegeza fundo la msuli.

Daktari akamwambia, "Hapana, mzee wangu. Fungua kola."

Baba akafungua jicho moja. "Daktari, shingo ni nzima. Ugonjwa uko huku chini."

"Nani kakwambia uko chini?"

"Mganga wetu. Amesema nina mshipa."

Muuguzi akakumbuka kwamba ana kazi ya haraka koridoni. Tulimsikia huko nje. Daktari hakucheka, na kwa hilo peke yake ningempa cheti. Alikaa pembeni ya kitanda, akachukua vidole vya baba mwenyewe, akaviweka shingoni, chini ya taya, pale panapodunda. "Mshipa aliousema ni huu," akasema. "Mshipa wa damu, unaokwenda kichwani. Uko mmoja huku na mmoja huku. Wewe unaumwa shingo, mzee, ndiyo maana ulimi unapotea."

Baba alikaa na vidole vyake pale. Kisha, polepole, kwa mkono mwingine, akafunga fundo la msuli. Akalikaza. Akalikaza tena.

Ila wazazi wangu, shida ilikuwa moja. Ile sabuni yote aliitumia kule alikodhani kunapimwa. Shingo hakuigusa. Muuguzi aliporudi akapitisha pamba, ikatoka nyekundu ya vumbi lote la kutoka Tinde. Akasema tu, "Pole na safari, baba."

Wakampaka kitu cha kuteleza kama mlenda. Daktari akanieleza kwa sababu nilikuwa nimetoa macho. Kijiti kile kinatoa sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliipati. Sauti inaingia shingoni, inagonga damu inayokimbia, inarudi imebadilika, na kasha linaigeuza iwe ya kusikika. Akaniuliza kama najua lori linavyolia likija na linavyolia likishapita. Kwetu ni barabarani, najua hata la nani. Akasema ndivyo hivyo hivyo, damu ikienda polepole inalia namna moja, ikienda kasi inalia namna nyingine.

Akaweka kijiti kulia. Kasha likaanza, fwaa, fwaa, fwaa, pana na tulivu, kama mtu anayepepeta. Akasema huku ni salama. Akahamia kushoto. Akawa anakisogeza taratibu, fwaa, fwaa, halafu juu kidogo chini ya taya ile sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, ya haraka, inapiga mluzi. Siii. Siii. Siii. Akakitoa, akakirudisha pale pale. Siii.

Ningetaka kuwaambia kwamba nilisema kitu cha kuchekesha. Sikusema. Nilikuwa nasikia sauti ya baba yangu ambayo sijawahi kuisikia, na ilikuwa ya mtu anayepumua kupitia tundu.

Daktari akamweleza kwamba pale mshipa umekuwa mwembamba kwa ndani, mafuta yameganda ukutani, njia imebaki ndogo, na damu ikifika hapo inalazimika kukimbia. Baba akauliza, kama ng'ombe joshoni? Daktari akasema aeleze. Baba akasema ng'ombe wakija uwanjani wanatembea tu, lakini wakiingia kwenye ile njia nyembamba ya kwendea kwenye dawa wanakimbia wanasukumana, na mmoja akianguka pale, nyuma wote wamekwama. Daktari akasema ni hivyo hasa. Vipande vidogo vinachomoka hapo penye wembamba, vinakwenda kuziba mbele, jichoni au kwenye sehemu ya kichwa inayoshika maneno na mkono wa kulia. Vikiyeyuka, neno linarudi. Siku kitakapokwenda kipande kisichoyeyuka, halitarudi.

Baba akauliza kama amechelewa. Daktari akasema, "Umefika ukiwa unauliza mwenyewe. Hujachelewa."

Mama aliingia hapo akiwa mzima kabisa. Alikuwa amesikia yote mlangoni. Ndipo maswali yalipoanza, na daktari alijibu mpaka jasho likamtoka. Kukata na kusafisha mshipa kunafanyika mbali, na kisu chenyewe kina hatari yake, kwa hiyo kwanza waanze na dawa na wamwangalie. Dawa ya presha. Chumvi kidogo. Sigara basi. Na aspirini, kidogo, kila siku baada ya kula. Hapo baba aliudhika. Amepanda magunia toka Tinde, amemaliza sabuni ya sikukuu, halafu apewe kidonge cha kichwa? Daktari akamwambia ndiyo hicho, kinazuia damu kuganda pale penye wembamba. Akanigeukia mimi akanikanya nisirudi mjini nikajifanya daktari, maana wapo wengine wanaopoteza maneno kwa damu kuvuja kichwani, na hao aspirini inawaangamiza. Mpaka mtu apimwe. Nimefikisha.

Tumesharudi huko mara kadhaa, sasa mama akikaa kwenye magunia kama watu wengine. Sitawadanganya. Ile siii bado ipo, mshipa haujafunguka. Lakini pazia halijashuka tena, na mkono umetulia. Sigara ilikuwa vita, alitafuna mihogo mibichi mpaka mbuzi wakamwonea wivu. Na mnada uliopita mlimsikia wenyewe. Amesimama juu ya jiwe lake. Siku hizi akinyamaza kidogo tu, wanunuzi wanamkimbilia na maji badala ya kupandisha bei, na wenye ng'ombe hawafurahi hata kidogo.

Shukrani zetu ni kwenu. Akina mama wa chama mliowalisha wadogo zangu tulipokuwa safarini, na mmoja wenu akawaogesha kwa majivu akasema ni sabuni. Dereva wa lori, ambaye mpaka leo anauliza hali ya mama. Mganga wa zahanati, aliyesikia kwa masikio yake kitu ambacho mashine ilikuja kukithibitisha. Alikuja nyumbani kuomba radhi kwa ajili ya neno lile, na baba akamwambia neno halikuwa na kosa, ila lilikosa anwani. Yule muuguzi aliyecheka nje badala ya ndani. Na daktari. Mwenyezi Mungu awatunzie watu wenu.

Nililojifunza ni dogo, hata darasa la pili wenye madawati haya wanaliweza. Ukiambiwa una mshipa, kabla hujaona haya, kabla hujakataa lori, kabla hujamaliza sabuni, uliza: wa wapi?

Na mkitoka, baba yuko pale mlangoni. Wengi mmeshangaa tangu arudi hafungi kola, hata kwenye kanzu ya Idi, hata asubuhi za baridi. Mama ameshona vifungo mpaka amechoka. Anataka kila anayemsalimia aone mshipa wake ulipo. Kwa hiyo mkimpa mkono, tafadhali, mtazameni shingoni.